SOMO LA AFYA: VIFUKO VIDOGO KATIKA MAJI YA UZAZI YA BABA

  Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: shahawa, mbegu, kifuko.

Shahawa ni maji ya uzazi ya mwanamume. Watu wengi hudhani maji hayo yote ni mbegu. Sivyo. Mbegu hazifiki hata sehemu 10 katika 100. Sehemu kubwa ni maji yatokayo katika tezi, mojawapo ikiwa tezi dume. Na ndani ya maji hayo mna vifuko vidogo sana.

Ni vidogo kiasi gani? Chukueni rula, mtazame milimita moja. Vifuko kama 10,000 vikipangwa mstari mmoja, ndipo hujaza milimita hiyo. Hadubini ya kawaida ya hospitali haivioni. Katika miaka ya 1970 Gunnar Ronquist, mtaalamu wa Uppsala, Uswidi, alivichunguza na kuvieleza.

Katika vifuko hivyo mna vipande vifupi vya RNA. RNA ni kama barua: huweza kubeba maagizo kutoka chembe moja ya mwili kwenda nyingine. Mwaka 2014 wataalamu wa Seattle, Marekani, walitangaza kwamba wamezisoma barua hizo katika shahawa za wanaume 6. Shahawa za mara moja huwa na vifuko matrilioni. Inadhaniwa kwamba huutuliza mwili wa mama, usizipige vita mbegu kama upigavyo vita vijidudu.

Je, vifuko hivyo vyaweza kuleta mimba? La. Mimba hutungwa mbegu ya baba inapokutana na yai la mama. Kifuko ni mjumbe tu.

Sasa, faida ya somo hili ni nini? Nyumba ikikosa mtoto, mara nyingi mama hulaumiwa, pengine hurudishwa kwao. Baba husema, "Mimi ni mzima, maji ninayo." Lakini tumekwisha kuona: maji yaweza kuwapo, na vifuko vyake, hali mbegu haimo hata moja. Kwa macho matupu hutambui. Katika kila nyumba 2 zikosazo mtoto, karibu nyumba 1 shida iko kwa baba, au kwa wote wawili.

Mfugaji akiona ng'ombe wake wengi hawashiki mimba, humtazama dume pia. Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Mume na mke waende hospitali pamoja. Huko mbegu zitahesabiwa kwa hadubini, na mama naye atapimwa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Shahawa na mbegu zina tofauti gani?
2. Vifuko hubeba nini?
3. Kwa nini mama asilaumiwe kabla ya wote wawili kupimwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.