SANDUKU LA HUDUMA YA KWANZA NYUMBANI: WITO KWA KAYA ZA RWAMGASA



Katika toleo hili tunapenda kuzungumza na kamati za parokia, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wahisani wetu juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya msiba, nalo ni maandalizi ya dharura nyumbani. Tumeichukua Rwamgasa, wilayani Geita, kuwa mfano wetu, kwa sababu pale nyumba na machimbo vimekaa karibu sana. Hata hivyo mengi tunayoyaeleza yanafaa pia Nyarugusu, Katoro, Kahama na kwingineko katika ukanda wa dhahabu.

Habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10, inafahamika kwa wote. Mara nyingi tunaitumia kufundisha juu ya huruma. Leo tutazame alichokuwa nacho safarini. Alikuwa na mafuta na divai ya kutia katika jeraha. Alikuwa na kitu cha kulifungia. Alikuwa na mnyama wa kumbebea majeruhi, na fedha za kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Tena alijua la kufanya. Huruma ndiyo iliyomsimamisha njiani, lakini maandalizi ndiyo yaliyomwezesha kuokoa maisha.

Kwa hiyo kaya inahitaji mambo matatu: vifaa, mtu anayejua kuvitumia, na njia ya kumfikisha mgonjwa kwa mtaalamu. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki havitoshi.

KWA NINI RWAMGASA?

Mwezi Januari 2017 wachimbaji 15 waliofukiwa katika mgodi huko Nyarugusu, jirani na Rwamgasa, waliokolewa wakiwa hai baada ya siku kadhaa chini ya ardhi. Nchi nzima ilifuatilia habari ile. Ajali kubwa kama hiyo huleta mitambo, viongozi na waandishi wa habari. Lakini mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto, mama aliyerukiwa na kipande cha jiwe jichoni wakati wa kuponda mawe, au kijana aliyejikata mguu kwa sururu, hao hawatangazwi redioni. Anayewahudumia kwanza ni yule aliye karibu, na aliye karibu ni mtu wa nyumbani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka vifaa vya huduma ya kwanza kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nyumbani hakuna mkaguzi anayekuja kuuliza. Lakini katika vijiji vya machimbo nyumba nayo huwa mahali pa kazi: mawe hupondwa uani, mchanga huoshwa karibu na makazi, na wako wanaochoma dhahabu kwenye jiko lile lile la kupikia chakula.

Jambo hili la kuchoma dhahabu halikuanza kusemwa leo. Mradi wa Kimataifa wa Zebaki, ulioendeshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) katika nchi sita kuanzia mwaka 2002 hadi 2007, uliichagua Rwamgasa kuwa eneo lake la kazi hapa Tanzania. Mwaka 2003 wataalamu waliwapima afya wakazi wa pale, na walioonekana kuathirika zaidi ni wale wanaochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki. Baadaye ulikuja Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Mkataba huo umetaja uchomaji huo katika makazi ya watu kuwa miongoni mwa mambo yanayopaswa kukomeshwa.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Si lazima kununua sanduku la dukani lenye alama ya msalaba. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana inatosha, kwani huzuia vumbi, maji na panya. Ndani yake viwekwe vitu vifuatavyo:

1. Glavu jozi mbili au tatu. Zikikosekana, mifuko safi ya plastiki ya kuvaa mikononi.
2. Bandeji za kuzungushia, gozi, pamba na plasta.
3. Kanga kuukuu mbili zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi. Hizi hufaa kukandamizia damu, kuning'iniza mkono uliovunjika na kufungia banzi.
4. Mkasi, kibano kidogo cha kutolea miiba, na pini.
5. Kipande cha sabuni, na chupa ya maji safi ya kuoshea jeraha au jicho.
6. Pakiti za ORS, pamoja na chupa au jagi linalojulikana kuwa ni lita moja kamili.
7. Vidonge vya parasetamo, na ya maji kwa ajili ya watoto.
8. Kipimajoto cha dijitali. Kile cha kioo chenye zebaki kisinunuliwe tena.
9. Tochi na betri zake. Betri zikae nje ya tochi ili zisivujie ndani.
10. Daftari na kalamu. Katika daftari ziandikwe namba za simu, majina ya watu wa nyumbani, umri wao, na dawa zinazowadhuru.

Kadi za kliniki za watoto na kadi ya bima ya afya ziwekwe katika mfuko wa plastiki ndani ya ndoo hiyo hiyo. Dawa zinunuliwe katika duka la dawa muhimu lililosajiliwa, na tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe kabla ya kulipa.

Ndoo iwekwe juu, mtoto asipofikia, lakini kila mtu mzima ajue ilipo. Isifungwe kwa kufuli ambayo baba ameondoka na ufunguo wake kwenda duarani.

VISIVYOTAKIWA NDANI YA SANDUKU

Kwanza, mabaki ya dawa za vijiuasumu alizoandikiwa mgonjwa mwingine. Dawa hizo si za huduma ya kwanza, na kuzitumia nusunusu huzidisha usugu wa vimelea.

Pili, mafuta ya taa, betri za gari, na kemikali yoyote. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa asitapishwe, kwani yanaweza kuingia katika mapafu. Apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo madumu yaliyokuwa na sianidi au kemikali nyingine za kuchenjulia yasitumike kuchotea maji hata yakioshwa mara ngapi.

Tatu, na hili tunalisisitiza, zebaki isihifadhiwe ndani ya nyumba ya kulala. Hutoa mvuke hata bila kuwekwa motoni, na mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ikimwagika, watoto na mama wajawazito watoke, milango na madirisha yafunguliwe, na isifagiliwe kwa ufagio, kwani ufagio huitawanya. Ikusanywe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, itiwe katika chupa yenye maji kidogo, na kifuniko kibanwe.

NAMNA YA KUTOA HUDUMA

Damu inayotoka kwa wingi. Vaa glavu, weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu bila kuachia. Kitambaa kikilowa usikitoe, ongeza kingine juu yake. Mgonjwa alale. Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usitie udongo, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Aliyejeruhiwa kwa chuma au jiwe lenye udongo aende kituo cha afya akaulize juu ya chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha linaonekana dogo.

Kuungua. Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa muda wa dakika 20. Vua pete na bangili kabla mwili haujavimba. Funika kwa kitambaa safi kisichonata. Dawa ya meno, unga, asali na mafuta ya kupikia visipakwe. Malengelenge yasipasuliwe. Mtoto aliyeungua sehemu kubwa, au usoni, mikononi na sehemu za siri, asikae nyumbani.

Jicho. Vumbi au kemikali ikiingia, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, na kwa kemikali endelea kwa dakika 20. Kipande cha jiwe kilichochoma jicho kisitolewe wala jicho lisisuguliwe. Likinge kwa kikombe safi bila kulibana, kisha mgonjwa apelekwe.

Nyoka. Mgonjwa atulie na asitembezwe bila sababu. Kiungo kilichoumwa kifungwe banzi kama kilichovunjika. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Wengi wetu tunalifahamu jiwe jeusi. Halijathibitika kuondoa sumu ya nyoka, na ubaya wake mkubwa ni kwamba linawapotezea watu muda. Dawa ya sumu hutolewa hospitali.

Kuharisha. Changanya pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja, vijiko viwe sawasawa bila mlima. Mtoto anywe kidogo kidogo na aendelee kunyonya. Kituo cha afya humwongezea zinki ya siku 10 hadi 14. Akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, asingojee asubuhi.

Homa. Parasetamo hushusha joto lakini haitibu malaria. Mgonjwa apimwe kwanza, kisha ndipo apewe dawa.

Mvuke wa zebaki. Aliyevuta mvuke huo aweza kukohoa, kubanwa na kifua na kupata homa saa chache baadaye, na hali hiyo inaweza kudhaniwa kuwa malaria au nimonia. Mtoe kwenye hewa safi, mvue nguo alizovaa kazini, mpeleke kwa mganga na umwambie wazi kwamba alikuwa akichoma dhahabu. Asifiche kwa hofu. Maziwa hayaondoi zebaki iliyoingia kwa pumzi, na hakuna dawa ya kuweka katika ndoo yetu inayoweza kuiondoa. Kinga ni kuchoma mbali na makazi na kutumia retoti, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke.

USAFIRI

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Mgonjwa amefungwa jeraha vizuri, lakini ni saa nane usiku na hakuna anayejua ni nani wa kumpigia. Tunashauri kila jumuiya ikubaliane mapema na mwenye gari mmoja na waendesha bodaboda wawili, na namba zao ziandikwe katika daftari la kila ndoo. Aliyeumia mgongo au shingo asipakiwe kwenye bodaboda. Abebwe akiwa amenyooka, juu ya ubao au mlango uliong'olewa.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, mfumo wa m-mama hupokea simu bila malipo kwa namba 115. Fedha kidogo za nauli ziwekwe ndani ya ndoo, na zisiguswe kwa ajili ya mboga.

KAZI YA KAMATI NA YA WAHISANI

Kwa kamati za parokia tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamke na mwanaume, wapate mafunzo ya huduma ya kwanza. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi waliomo katika parokia na Chama cha Msalaba Mwekundu wanaweza kuombwa kufundisha. Pili, mafunzo yawe ya vitendo: watu wafunge bandeji, wachanganye ORS, wabebe mgonjwa. Tatu, kaya za wajane, wazee na wanafunzi waliopanga zisisahauliwe, kwani huko ndiko ndoo inakokosekana.

Kwa wahisani wetu, tunajua ni rahisi kuchangia vifaa kwa sababu vinahesabika na kupigwa picha. Tunaomba mfikirie pia mafunzo na usafiri. Ndoo iliyojaa ndani ya nyumba ambamo hakuna anayejua kuitumia ni mali ya panya. Kanga kuukuu mikononi mwa mama aliyefundishwa inaweza kuokoa uhai.

Mwisho, vifaa huisha na dawa hupitwa na wakati. Kwa kuwa jarida hili hutoka kila baada ya miezi mitatu, tunapendekeza kila toleo likifika kigangoni liwe ukumbusho. Siku hiyo ndoo ifunguliwe, tarehe za dawa zisomwe, maji ya chupa yabadilishwe, tochi ijaribiwe na namba za simu zihakikiwe. Kwa toleo hili, kazi ianze jioni ya leo.

Mungu awabariki.