Umeacha Pombe: Saa 11 Jioni Utafanya Nini?



Makala haya hayakuandikwa kukueleza ubaya wa pombe. Ubaya wake umekwisha kuuona mwenyewe: ndama aliyeuzwa kwa bei ya kutupa, karo ya mtoto iliyochelewa, ugomvi wa usiku ambao majirani wote waliusikia. Yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukata shauri. Leo ana siku tatu, au wiki tatu, hajaonja busaa wala chang'aa. Mchana unapita vizuri, lakini jioni inamtisha.

Kwanza lisemwe jambo la hospitali, maana hapa mtu anaweza kupoteza maisha. Kama ulikuwa ukinywa kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka upate kikombe cha kwanza, usiache kwa ghafula ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe hushtuka ukinyimwa. Kutokwa jasho, kutetemeka na kukosa usingizi huanza siku ile ile. Katika siku mbili za kwanza wengine huanguka kama wenye kifafa. Siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, na watu wa nyumbani hudhani amerogwa. Hakurogwa. Mpelekeni hospitali upesi. Lililo jema zaidi ni kwenda kabla ya kuacha, umweleze mganga ukweli wa kiasi unachokunywa bila kukipunguza. Atakupa dawa za siku chache za kutuliza mwili, na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa nayo. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si tabibu, na kwa hiyo hapo naishia.

Sasa turudi kwenye jioni.

Mkulima wa sehemu zetu za magharibi anajua gugu la kiduha, ambalo wengi tunaliita kayongo. Maua yake ni mazuri, lakini mizizi yake hushika mizizi ya mahindi na kuyanyonya chini kwa chini. Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Ukiling'oa tu, umeondoa unaloliona. Mwakani shamba limejaa maua yale yale tena. Wataalamu wa ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, walionyesha njia nyingine: panda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha zichipuke, lakini hazipati mahali pa kushika, zikafa. Ardhi haikuachwa wazi, na jani lenyewe ni chakula cha ng'ombe.

Kuacha pombe ni kama kung'oa. Watu wengi wenye nia njema kabisa huishia hapo, kisha wakashangaa. Wanadhani adui ni kiu tu, na kumbe jioni ile ilikuwa na ratiba yake kwa miaka mingi. Saa 11 ikifika miguu ilijua njia. Palikuwa na kigoda, palikuwa na wenzako, habari za kijiji, kitu cha kushika mkononi na kitu cha kumeza. Umeviondoa vyote siku moja, na mahali pake umeweka nini? Umeketi chini ya mwembe ukijikaza. Kujikaza ni kazi ngumu isiyo na faida inayoonekana, na mtu huichoka.

Basi saa hiyo ipewe kazi nyingine, nayo iwe kazi ya namna maalumu: kazi yenye saa yake, ambayo usipoifanya kuna mtu au mnyama atakayekulalamikia. Kwa sababu hiyo mimi nasifu kukamua kuliko kazi zote. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilipanga baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi. Saa hiyo hiyo ndiyo ya kukamua mara ya pili kwa mtu aliyekamua saa 11 alfajiri. Ng'ombe hasubiri mazungumzo. Ukichelewa atalia mpaka jirani ajue. Ukimwacha mara kwa mara maziwa hupungua, na kiwele huweza kupata ugonjwa. Nunua daftari la shilingi chache. Chora mistari: tarehe, maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, na mstari wa nne ambao hauna haja ya kuandikwa jina. Siku uliyolala bila kunywa, utie alama. Baada ya mwezi utaona jambo ambalo hakuna mhubiri angeweza kukuonyesha vizuri hivyo. (Nilifunzwa ualimu kabla ya kuingia ofisini, na imani yangu juu ya daftari haijapungua.)

Asiye na ng'ombe asiseme hana la kufanya. Kuku hufungiwa jioni, na lazima wahesabiwe. Kitalu cha sukuma wiki au managu hunyweshwa maji jua likipungua. Majani ya Napier hukatwa jioni kwa ajili ya asubuhi, hata kwa kumuuzia mwenye ng'ombe. Lakini usichague kazi kubwa. Nimeona watu wakiacha pombe Jumatatu na Jumanne wakaanza kuchimba bwawa la samaki. Mwili katika wiki za kwanza umechoka, na usingizi bado ni wa mang'amung'amu. Bwawa likikushinda, utasema kila kitu kimekushinda. Kazi ndogo ya kila siku ni bora kuliko kazi kubwa ya siku tatu.

Kisha kuna tumbo. Mtu mwenye njaa saa 11 amekwisha kushindwa nusu. Zamani ulikunywa kwanza, chakula kikafuata usiku au kisifuate kabisa. Sasa geuza: kula kabla ya saa hiyo. Kiazi kitamu kilichochemshwa, ndizi mbili, bakuli la githeri lililobaki mchana, vyote vinafaa. Wengi walioacha hutamani vitu vitamu. Usione haya, tia sukari kwenye chai. Lakini kinywaji ninachokipendelea ni uji wa wimbi uliochachushwa kidogo, mzito, wa moto. Wimbi ndilo lililochipushwa na kukaushwa ili liungane na unga wa mahindi kuwa busaa. Nafaka ni ile ile, ukali wake mdogo ulimini unafanana, na mkono una kikombe cha kushika. Hilo la mkono si mchezo. Mtu aliyeshika kikombe kilichojaa haulizwi mbona hanywi.

Tamaa ikija kwa nguvu, ujue kwamba haikai. Hupanda, hufika kileleni, hushuka, na mara nyingi ndani ya nusu saa imekwisha. Huhitaji kuishinda kwa maisha yako yote jioni hiyo. Unahitaji kukamua, kuchuja maziwa, kuosha ndoo na kuianika. Na ukimaliza, imepita.

Badili na njia. Kama nyumba ya muuzaji iko kati ya soko na kwako, zunguka, hata kama ni nusu maili zaidi. Fedha nazo zina njia yake. Malipo ya miwa huja kwa mkupuo baada ya kungojwa mwaka na zaidi, na mkupuo huo ndio uliowaangusha wengi waliokuwa wamesimama imara. Afadhali malipo yaingie katika chama cha akiba, au mkubaliane na mke wako yaingie kwenye simu yake siku hiyo hiyo. Hesabu si ngumu: anayetumia shilingi 100 kwa siku hutumia 3,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 mbolea ya ruzuku ilipunguzwa bei hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Piga mwenyewe hesabu ya mifuko uliyokunywa toka Machi hadi Machi.

Matanga ni mtihani mwingine. Hatuwezi kukuambia usiende. Nani atakuzika wewe? Tena wazee kuketi kuzunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu ilikuwa heshima, si ulevi. Basi nenda mchana, uombe kazi mapema. Pasua kuni, chota maji, au bora kuliko yote, keti mezani uandike michango. Anayeshika daftari la fedha za wafiwa hutakiwa awe na akili timamu, na wenyewe watakulinda. Ukikaribishwa, jibu liwe fupi: "Nashukuru, mimi leo ni chai." Usitoe hotuba. Anayetoa sababu nyingi hualika majibu mengi. Ngoma ya usiku ikianza, uwe umekwisha kuaga.

Kwamba mambo haya hufunzika si maneno yangu tu. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Eldoret kwa wagonjwa 75 wa virusi vya Ukimwi waliokuwa wanywaji. Baadhi yao walihudhuria mikutano sita ya kikundi, wakiongozwa na watu wasio madaktari waliofunzwa kazi hiyo. Walijifunza kutambua saa na mahali panapowaponza, na namna ya kukataa. Siku 90 baadaye, waliokuwa hawanywi walikuwa wengi zaidi katika kundi hilo kuliko katika lile lililopata matibabu ya kawaida tu. Kama katika kijiji chenu mko watatu mlioacha, kutaneni jioni moja kila wiki, kwa zamu, penye uji.

Neno gumu ni kwa nyumba ambayo mama ndiye mpika busaa. Haitupasi kumlaumu, karo nyingi za wilaya hizi zimelipwa na chungu hicho. Lakini mume hawezi kuacha pombe akilala karibu na chungu kinachochacha. Zungumzeni fedha kwanza, lawama baadaye: uji wa asubuhi sokoni, unga wa wimbi wa kupima, maziwa. Huenda faida ikapungua miezi ya kwanza, na lazima wote wawili wajue hivyo kabla ya kuanza. Na wewe mama, usimtilie mumeo dawa ya kuachisha pombe kwa siri katika chakula. Ziko dawa ambazo mtu akinywa pombe juu yake moyo huenda mbio na pumzi hukata. Hutolewa na mganga, naye mgonjwa akijua.

Ikitokea umeanguka, usingoje mwanzo wa mwezi. Watu hupenda tarehe moja. Ng'ombe atakamuliwa saa 11 alfajiri, kichwa kikiuma au kisiume. Amka, kamua, andika maziwa, mstari wa nne uache wazi siku hiyo. Na kama ulikunywa siku nyingi mfululizo, kumbuka neno la hospitali tulilotangulia kulisema. Anayetaka kuzungumza na mtu apige namba 1192 ya NACADA, haina malipo.