Mkojo wa Bandia kwa Majaribio ya Shuleni

Katika somo la figo mwanafunzi hutakiwa kupima mkojo ili aone kama una sukari au protini. Je, mkojo huo utoke kwa nani? Nilipokuwa mwanafunzi, katika shule ambayo sitaitaja, ulitoka kwetu wenyewe. Mwenzetu mmoja alipouchemsha wake pamoja na kimiminiko cha Benedict, rangi ya buluu iligeuka nyekundu ya matofali mbele ya darasa zima. Kabla hajafika hospitali alikwisha kupewa jina la "Sukari", na jina hilo hakulivua hadi tulipomaliza shule. Maradhi ya mtu ni siri yake na ya tabibu wake. Aidha, mkojo wa mwenye homa ya matumbo waweza kubeba vijidudu vya ugonjwa huo.

Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, pana hospitali na pana shule ya sekondari. Mtu aweza kudhani kuwa mahali kama hapo ni rahisi kuazima sampuli hospitalini. La hasha, mkojo wa mgonjwa si kitu cha kuazimwa. Vinavyohitajika vinapatikana katika duka la pembejeo na jikoni.

Takriban asilimia 95 ya mkojo ni maji. Katika vilivyobaki, vikuu ni chumvi na yurea, ambayo ini huitengeneza kutokana na mabaki ya protini. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza yurea katika maabara bila figo ya mtu wala ya mnyama. Leo viwanda huitoa kwa wingi, nayo ndiyo mbolea anayoitumia mkulima wa mahindi wa Iringa na Mbeya.

Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Yeyusha humo gramu 18 za yurea na gramu 9 za chumvi ya mezani, kisha chuja kwa kitambaa safi. Yurea inapoyeyuka chombo hupoa mkononi, jambo ambalo lenyewe lastahili kuulizwa darasani. Mbolea ya SA isitumike badala yake, kwani hutoa amonia ikikutana na alkali iliyomo katika kimiminiko cha Benedict.

Rangi ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Chai ya Mufindi, hata ikiwa nyepesi, ina tanini, nayo hushikamana na protini na kuigandisha. Binzari ya manjano hugeuka nyekundu katika alkali, na mwanafunzi hudhani ameona sukari! Matone machache ya rangi ya manjano ya keki yatosha.

Gawanya myeyusho katika chupa tatu. Chupa A iachwe ilivyo. Katika B tia gramu 2 za glukosi kwa kila mililita 100. Sukari ya chai haifai, maana haibadilishi rangi ya kimiminiko cha Benedict. Katika C koroga polepole kijiko cha chai cha ute mweupe wa yai kwa kila mililita 200, kisha chuja.

Kupima protini, pasha moto sehemu ya juu ya neli ya majaribio, uongeze matone ya siki. Ukungu mweupe usiotoweka ni dalili ya protini. Kipimo cha biureti kiepukwe, kwa sababu mbolea ya yurea huwa na biureti kidogo, na hata chupa A yaweza kuonyesha zambarau hafifu. Kwa kipimo cha sukari, neli ikae katika maji yanayochemka kwa dakika tano kamili, wala msiharakishe: Iringa iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi za sentigredi.

Chupa ziandikwe herufi tu, na mwalimu pekee ajue kilichomo. Zisiwe chupa za soda, asije mtu akanywa. Chupa C imwagwe siku hiyo hiyo, kwani ute wa yai huoza upesi.