Kusoma Pwani kwa Picha na kwa Miguu: Utangulizi

Mara ya kwanza nilipoipeleka picha ya setilaiti hori ya Mida, katika pwani ya Kenya, nilimwonyesha mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu chini ya mti. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole katikati ya hori. "Mwanangu, siku hiyo maji yalikuwa mafu. Hili fungu hapa hatulioni." Nilirudi kutazama tarehe ya picha: mwezi ulikuwa nusu. Alikuwa amesema kweli.

Nasimulia haya kwa sababu ndiyo mlango wa taaluma hii ya kusoma pwani kwa picha na kwa miguu. Setilaiti za Landsat na Sentinel-2 hupita juu yetu karibu saa ileile kila zinapokuja, baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Na katika pwani yetu, siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa hizohizo. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne hiyo ndiyo maji yanajaa, ingawa hayapandi sana. Basi chukua picha mbili za hori moja, zilizopishana wiki moja tu. Katika ya kwanza utaona tope pana na miche ya mikoko ukingoni. Katika ya pili, maji matupu. Asiyejua atatangaza kwamba msitu umekufa. Ndiyo maana mwanafunzi anayekuja kwangu namwomba ajifunze kuhesabu siku za mwezi kabla ya kufungua kompyuta.

Picha zenyewe hazikosekani siku hizi. Landsat ya kwanza ilirushwa 1972, na kila pikseli yake ilifunika karibu mita 80 kwa 80. Tangu 2008 hazina yote ya Landsat hupatikana bila malipo, na Sentinel-2, iliyoanza 2015, hutupa pikseli za mita 10. Watu wa Ngomeni walizoea mambo ya anga mapema zaidi: tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji chao. Ile ilikwenda kutazama nyota. Sisi twatumia zinazotazama chini.

Chini huonekanaje? Jani bichi hurudisha kwa wingi miale ya infraredi ambayo jicho halioni, maji huimeza, na tope lililolowa hukaa katikati. Kwa tofauti hizo kompyuta hugawa picha: msitu, maji, tope, mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni yenye kingo zilizonyooka. Lakini kompyuta hukosea, tena kwa ujasiri. Ramani yangu ya mwanzo ilionyesha kipande kizuri cha mikoko mahali ambapo, nilipofika, nilikuta shamba la mivinje, limepandwa kwa mistari, mchanga mkavu chini.

Kwa hiyo twaingia topeni. Twapima kiwanja cha mita 10 kwa 10, ukubwa wa pikseli moja, kwa kamba nne na vigingi. Ndani yake kila mti hutajwa: mlilana upande wa bahari, kisha mkoko wenyewe, mkandaa, na mchu uliodumaa kule nyuma penye chumvi. Unene wa mti hupimwa usawa wa kifua, isipokuwa mkoko, ambao hupimwa juu ya mizizi yake inayoinama kama mbavu za jahazi. Penye mchu ndipo utaelewa kwa nini picha ilikudanganya: matawi ni machache, tope linang'aa katikati yake, na pikseli imechanganya vyote viwili ikatoa rangi isiyo ya mti wala ya tope. Hakuna programu iliyowahi kunieleza hilo vizuri kama saa mbili za kusimama pale na tope magotini.

Wenzetu wanaochora ramani za ardhi iliyoganda, Siberia na Alaska, wana kazi inayofanana na hii. Setilaiti huwaonyesha nyasi na madimbwi ya juu. Barafu iliyofichwa huitafuta kwa kudidimiza fimbo ya chuma mpaka igote. Sisi fimbo yetu hupima kina cha tope, na hapo ndipo kaboni nyingi ya msitu ilipolala.

Kaskazini ya Malindi mafunzo ni mengine. Mto Sabaki humwaga udongo mwekundu. Wakati wa kaskazi udongo huo husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi. Kusi ikivuma, hugeukia Ngomeni. Ufuo wa mji umejaa mchanga na kusonga mbele, na majengo yaliyowahi kuwa ukingoni sasa yako mbali na maji. Panga picha za miaka 40 kwa mfuatano, zote za bamvua, uone ukingo ukitembea. Kisha panda matutani ukiwa na kifaa cha GPS, ukamtafute mtu mzima wa hapo akuonyeshe bahari ilipokuwa ikigonga alipokuwa mtoto.