Chanjo ya Ebola Katika Kivu ya Kaskazini

Tarehe 1 Agosti, 2018, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka katika Kivu ya Kaskazini. Safari hiyo, tofauti na mwaka 1976 ugonjwa huo ulipotambuliwa huko Yambuku, chanjo ilikuwapo. Hata hivyo, ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni, 2020, ulikuwa umekwisha kuua watu zaidi ya 2,200, ingawa waliochanjwa walizidi 300,000. Yafaa kuuliza chanjo ilikwamia wapi.

Chanjo yenyewe ilikuwa chache, tena ilihitaji kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au kali zaidi. Kwa hiyo walichanjwa watumishi wa afya, watu waliokutana na mgonjwa, na wale waliokutana na watu hao. Kitaalamu mpango huo ulikuwa sahihi. Lakini machoni pa mwananchi wa Beni au Butembo ulikuwa kitendawili: nyumba hii imechanjwa, ile ya pili yake imeachwa. Wajawazito na wanaonyonyesha nao waliachwa hapo mwanzo, mpaka walipokubaliwa mwaka 2019.

Shaka ya wananchi haikuzuka bure. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa ovyo na makundi yenye silaha, na msaada wa kiasi hicho hawakuuona. Desemba 2018 uchaguzi katika Beni na Butembo uliahirishwa hadi Machi 2019, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu zilizotolewa. Rais mpya akaapishwa Januari bila ya kura zao. Wakati huo huo surua, ambayo chanjo yake ni ya miaka mingi na ya bei nafuu, iliua watu zaidi ya 6,000 nchini humo tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020. Mzazi aliyemzika mtoto kwa surua alikuwa na haki ya kuuliza magari yale yote yamemfuata nani.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Askari wakaletwa kuvilinda, jambo lililozidisha hofu badala ya kuiondoa. Mambo yalianza kulainika pale wazee wa mitaa, viongozi wa dini na vyama vya wanawake walipoulizwa watu wachanjiwe wapi. Kwani wako waliochelea kuonekana na majirani. Uvumi kwamba maiti huibwa viungo ulijibiwa kwa mifuko inayoonyesha ndani, ili jamaa wamwone marehemu wao. Na Mei 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri dozi ipunguzwe, ipate kuwafikia wengi.

Februari 2021 Ebola ilizuka tena karibu na Butembo. Safari hii chanjo haikuwa ngeni kwa wenyeji. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 3 Mei mwaka huo, baada ya kuwapata watu 12.