Mwali wa Kizaramo na ratiba ya shule

Mwaka wa kwanza, nikiulizwa kabila langu nilikuwa najibu, "Mimi mtu wa Dar tu." Nilijua nikisema Mzaramo nitachekwa: "Aa, nyie watu wa ngoma, shule hamtaki!" Basi nanyamaza. Leo naeleza.

Ukishuka Posta, ukapita Mnazi Mmoja kwa miguu hadi Kariakoo, njia nzima unakanyaga ardhi ya Wazaramo. Hata kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake hapa miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima. Jina Kariakoo limekuja baadaye, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Leo Wazaramo wengi utawakuta Kisarawe, Mkuranga na pembezoni mwa jiji, lakini mila bado inakuja mjini kununua vitu. Desemba iliyopita nilimsindikiza mama mkubwa Mtaa wa Uhuru kununua doti za kanga za kumtolea mwali. Kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko. Nikapata nafasi ya kuuliza.

Mwali ni msichana aliyevunja ungo. Zamani aliwekwa ndani kwa miezi, hata zaidi ya mwaka, akifundwa na kungwi. Alipewa mwana hiti, mwanasesere wa mti mwenye kichwa na kiwiliwili tu, hana mikono wala miguu. Alimtunza kama mtoto: anampaka mafuta, anamvika. Mafunzo mengine yalitolewa chini ya mti wa mkole, kwa nyimbo na mafumbo. Siku ya kutoka, mwali anapambwa, wageni wanamtunza pesa, na ngoma ya mdundiko inapita mitaani. Watoto wanaifuata mpaka wengine wanapotea njia ya kurudi nyumbani!

Sasa mimi ni mwalimu mtarajiwa. Kwenye mazoezi ya kufundisha, binti mmoja wa kidato cha kwanza hakuonekana wiki tatu. Wenzake wakaninong'oneza, "Amewekwa ndani." Ofisini wakasema mila potofu, nami Mzaramo nikaitikia kwa kichwa. Aliporudi alikuwa ameachwa mbali kwenye hisabati. Hiyo ni hasara ya kweli, siifichi.

Nilipomsimulia mama mkubwa, aliniuliza, "Haya, nyie huko shuleni siku mtoto akiona damu mnamwambia nini?"

Nikakosa jibu. Mimi sikuchezwa, mama yangu alikataa. Nilivunja ungo nikiwa bweni. Mwalimu wa malezi alinipa pedi, akaniambia nijihadhari na wavulana. Dakika tano, tumemaliza. Mengine nilijifunza kwa marafiki waliokuwa hawajui kama mimi.

Sisemi kila kinachofundishwa kwa mwali ni kizuri. Mafunzo yanayomwandaa mtoto wa miaka 13 kuwa mke, hayo hapana. Lakini usafi, heshima ya mwili wake, na kuwa na mtu mzima wa kumuuliza bila aibu, hayo shule zetu nyingi hazijayaweza. Tukiita yote upotofu, tunamfukuza kungwi na hatuweki mtu mahali pake.

Wenyewe wameshaanza kurekebisha. Familia nyingi siku hizi zinamcheza mwali kwa siku chache, likizo ya Juni au Desemba, ndiyo maana tulikuwa Mtaa wa Uhuru wakati ule. Mwalimu anayejua mila ya mahali anaweza kwenda kuongea na wazazi na kungwi kabla muhula haujafunguliwa. Mwalimu anayedharau ataishia kuandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio.

Siku hizi nikiulizwa kabila nasema Mzaramo. Na Mnyamwezi yeyote hapa chuoni acheke tu, ni mtani wangu tangu enzi za misafara. Wengine ulizeni kwanza.