Je, nchi ndogo yahitaji jeshi lenye nguvu? Visiwa vitatu vya Bahari ya Hindi vina majibu tofauti

MNAMO Novemba 25, 1981, ndege kutoka Swaziland ilitua katika kisiwa cha Mahe, nchini Ushelisheli, ikiwa na kundi la wanaume waliojifanya kuwa wanachama wa chama cha wanywaji bia waliokuja kupumzika. Afisa wa forodha alipopekua mkoba wa mmoja wao, alikuta bunduki aina ya AK-47 chini ya vifaa vya kuchezea watoto. Wageni hao walikuwa mamluki chini ya Mike Hoare, mkongwe wa vita vya Kongo vya miaka ya sitini. Ufyatulianaji wa risasi ulizuka hapo hapo uwanjani, na hatimaye wengi wa mamluki hao waliteka ndege ya shirika la Air India na kutorokea Durban, Afrika Kusini.

Kisa hicho hupendwa sana na wale wanaoshikilia kwamba nchi, hata iwe ndogo kiasi gani, haina budi kuwa na jeshi imara. Hoja yao si ya kupuuzwa. Ushelisheli ilipopata uhuru kutoka kwa Uingereza mnamo Juni 29, 1976, haikuwa na jeshi ila polisi. Mwaka haukutimia. Mnamo Juni 5, 1977, Rais James Mancham akiwa London kwa ajili ya mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola, wafuasi wa waziri mkuu wake, France-Albert René, wapatao sitini hivi, walitwaa silaha za polisi na kuipindua serikali. Mancham aliondoka kwake akiwa rais, akabaki ugenini akiwa mkimbizi.

René mwenyewe alielewa vyema jinsi alivyoingia mamlakani, na hakutaka mwingine apite njia ile ile. Kwa msaada wa Tanzania, aliunda jeshi katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu zaidi ya 70,000. Mamluki wa Hoare walipofika, walikuta wanajeshi wa kuwakabili. Hadi hapo hesabu ni rahisi: bila jeshi serikali ilianguka, na kwa jeshi serikali ilisimama.

Hata hivyo, wanaokisimulia kisa hicho mara nyingi hukikatiza hapo. Agosti 1982, miezi tisa tu baada ya mamluki kufukuzwa, wanajeshi wa Ushelisheli wenyewe waliasi, wakakiteka kituo cha redio na kushika mateka. Safari hii adui hakushuka kutoka kwenye ndege, bali alitoka kambini akiwa amevaa sare za taifa na kubeba bunduki zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi. Uasi huo ulizimwa kwa msaada wa wanajeshi wa Tanzania waliokuwa visiwani humo. (Wakenya wanaukumbuka mwezi huo kwa sababu zao: jaribio la mapinduzi la Agosti 1 lilikuwa limetokea Nairobi siku chache tu kabla.)

Hapa ndipo swali lenyewe linapobadilika. Katika nchi kubwa, mjadala kuhusu jeshi huwa ni juu ya majirani: nani ana vifaru vingapi na ndege ngapi. Katika nchi ndogo mizani ni tofauti kabisa. Watu hamsini wenye silaha na azma wanaweza kuwa nguvu kubwa kuliko zote nchini, na haijalishi wametoka ng'ambo au katika kambi iliyo nyuma ya ikulu.

Hakuna mahali ambapo jambo hili limedhihirika kwa uchungu zaidi kuliko Komoro. Visiwa vya Ngazija, Nzwani na Mwali vilijitangazia uhuru kutoka kwa Ufaransa mnamo Julai 6, 1975, huku Maore ikibaki chini ya Wafaransa. Mwezi mmoja haukupita kabla ya rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, kupinduliwa na kundi lililomleta Ali Soilih, kwa msaada wa mamluki Mfaransa, Bob Denard. Mei 1978, Denard huyo huyo alirudi kwa meli na watu wapatao hamsini, akamwondoa Ali Soilih na kumrejesha Abdallah. Ali Soilih aliuawa kabla ya mwezi huo kwisha.

Abdallah aliamua kwamba hatapinduliwa tena. Alikubali kiundwe Kikosi cha Walinzi wa Rais, kikiongozwa na mamluki wa Denard na kugharimiwa na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Kwa kipimo cha Komoro, kikosi hicho kilikuwa imara kuliko chombo kingine chochote cha dola. Novemba 1989, Abdallah alipigwa risasi na kufa ndani ya ikulu yake, ambayo ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa kikosi hicho. Denard alishtakiwa Paris kwa mauaji hayo, na mahakama ikamwachilia mwaka wa 1999.

Kati ya tarehe hizo mbili Denard alikuwa amerudi tena. Septemba 1995 aliteremka ufuoni akiwa na wanaume thelathini hivi na kumteka Rais Said Mohamed Djohar. Jeshi la taifa halikufua dafu. Waliomwondoa ni wanajeshi wa Ufaransa, wiki moja baadaye. Miaka miwili ikapita, kisha Nzwani ikatangaza kujitenga, na askari waliotumwa kutoka Moroni kuirejesha wakatimuliwa. Aprili 1999, mkuu wa majeshi, Kanali Azali Assoumani, alitwaa mamlaka. Ilipofika Machi 2008, Kanali Mohamed Bacar alipokataa kuondoka madarakani Nzwani, ilibidi Umoja wa Afrika upeleke wanajeshi, wakiwemo wa Tanzania na Sudan, kuandamana na wale wa Komoro. Bacar alikimbilia Maore.

Jeshi la Komoro, basi, halikuweza kuizuia mashua ya mamluki, lakini liliweza kumtoa rais madarakani. Nguvu zake zilitosha kwa kazi moja tu, nayo ndiyo ile ambayo hakuna raia aliyeliajiri kuifanya.

Morisi, jirani wa visiwa hivyo, ilishika njia nyingine. Tangu uhuru wake mnamo Machi 12, 1968, haijawahi kuwa na jeshi. Ina polisi, na chini ya kamishna wa polisi kuna kikosi maalumu chenye mafunzo ya kijeshi pamoja na walinzi wa pwani. Nchi hiyo imewahi kubadilisha serikali kwa kura mara kadhaa, na haijapinduliwa. Ingekuwa kosa kudai kwamba amani hiyo imetokana na kukosa jeshi pekee. Mwaka ule ule wa uhuru ulianza kwa ghasia za kijamii zilizolazimu wanajeshi wa Uingereza kuitwa. Lakini walau mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi Port Louis hajawa na jenerali wa kumpigia simu.

Afrika Mashariki nayo ilionja tatizo hilo mapema. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na katika siku chache moto ukasambaa hadi Jinja, Uganda, na Lanet, karibu na Nakuru. Serikali zote tatu, ambazo uhuru wake ulikuwa mchanga, zililazimika kuomba msaada wa Uingereza. Mwalimu Julius Nyerere alilivunja jeshi lile na kuunda jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo uteuzi wa askari wake ulifungamanishwa na chama kilichotawala. Kwa hivyo jeshi lililookoa Ushelisheli mwaka wa 1982 na kufika Nzwani mwaka wa 2008 lilizaliwa kutokana na uasi wa aina hiyo hiyo.

Wanaotaka jeshi lenye nguvu watauliza: je, jirani mkubwa akivamia? Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi nchi ndogo haiwezi kununua silaha za kutosha kumzuia. Kuwait, tajiri wa mafuta, ilitwaliwa na Iraq Agosti 1990 katika muda usiozidi siku mbili, ikakombolewa mwaka uliofuata na muungano ulioongozwa na Marekani. Costa Rica, iliyovunja jeshi lake Desemba 1948, ilivamiwa kutoka Nicaragua mwezi huo huo na tena mwaka wa 1955. Mara zote mbili ilinusurika kwa kuegemea mkataba na jumuiya ya mataifa ya Amerika.

Yapo mambo, hata hivyo, ambayo rafiki wa mbali hayafanyi kila siku. Ushelisheli ina nchi kavu ya kilomita mraba 455 hivi, lakini bahari yake ni zaidi ya kilomita mraba milioni moja. Maharamia wa Kisomali walipoingia katika maji hayo, kilichohitajika hakikuwa vifaru bali meli za doria. Machi 2010, meli ya walinzi wa pwani Topaz, iliyotolewa na India, iliwakabili maharamia na kuwaokoa wavuvi wa Ushelisheli waliokuwa wametekwa.

Urafiki wa namna hiyo nao una bei yake. Februari 2024 Morisi na India zilizindua uwanja wa ndege na gati katika kisiwa cha Agalega, vilivyojengwa kwa fedha za India, na wakazi wachache wa kisiwa hicho wamekuwa wakiuliza vitatumiwa na nani na kwa kazi gani. Huko Ushelisheli, mpango wa India kujenga kituo katika kisiwa cha Assumption ulikwama mwaka wa 2018, pale wabunge wa upinzani, waliokuwa wengi bungeni, walipokataa kuuidhinisha.